Wachezaji Wanapogeuka Wasomaji: Riwaya za Michezo ya Video na Mashabiki wa Eastlands

Miongoni mwa tanzu za fasihi ya kisasa, ni chache zinazopokewa kwa ukali kama riwaya za kifantasia zilizotungwa kutokana na michezo ya video, yaani hadithi ndefu za nathari ambazo mashujaa na madubwana wake walionekana kwanza kwenye skrini, wakaongozwa kwa vidole vya wachezaji, ndipo wakaandikwa kitabuni. Ukali huo hauelezeki kwa udhaifu wa waandishi peke yake, ingawa wapo waliolipua kazi. Chanzo chake kikuu ni nafasi ya msomaji mwenyewe, ambaye anapofungua ukurasa wa kwanza huwa amekwisha kuizunguka miji inayosimuliwa na amepigana na adui anayetajwa akashindwa mara kadhaa kabla ya kumshinda, na kwa hiyo hasomi kama mgeni anayekaribishwa katika ulimwengu mpya, bali kama shahidi anayesikiliza ushahidi wa mtu mwingine juu ya tukio ambalo naye alikuwapo.

Katika mitaa ya Eastlands, jina linalojumuisha makazi ya mashariki ya Nairobi kuanzia Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940, kupitia Maringo na Jericho, hadi Buruburu ya miaka ya 1970 na mitaa ya Umoja, Dandora, Kayole na Pipeline, ushahidi huo una sura ya pekee. Huku mchezo wa video haukukua kama starehe ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani, bali kama shughuli ya hadharani inayolipiwa, inayotazamwa na wapita njia na inayotolewa maoni na kila aliyesimama mlangoni. Jambo hilo limeathiri kwa kina namna vijana wanavyozijua hadithi za kifantasia, na kwa sababu hiyo linaathiri pia kile ambacho kitabu kinaweza kuwapa.

Kibanda, saa na kisa kilichorukwa

Kampuni ya Sony ilitoa PlayStation ya kwanza nchini Japani mwaka 1994, kisha PlayStation 2 mwaka 2000, chombo ambacho kiliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani na ambacho, baada ya kuchakaa mikononi mwa wanunuzi wa kwanza, kiliingia katika biashara ndogondogo za miji ya Afrika. Katika Eastlands kilipata makao kwenye vyumba vya maduka na vibanda vya mabati, ambamo mwenye biashara huweka televisheni mbili au tatu, mabenchi na vidhibiti, yaani vifaa vya mkononi vyenye vitufe vya kuongozea mchezo. Malipo huhesabiwa kwa mechi au kwa dakika, kwa sarafu za kumi na za ishirini, ambazo katika Sheng, lahaja ya vijana iliyozaliwa na kulelewa katika mitaa hiyohiyo, huitwa ashuu na mbao.

Utaratibu huo wa malipo ndio unaoeleza kwa nini michezo ya kandanda na ya kupigana ana kwa ana ndiyo iliyotawala vibanda hivyo. Mechi ya kandanda ina mwanzo na mwisho unaojulikana, huwahusisha wachezaji wawili wanaoweza kugawana gharama, na aliyeshindwa humpisha mwingine bila ubishi. Mchezo wa kifantasia hauna adabu hiyo ya foleni, kwa kuwa ni safari ya saa nyingi ya mtu mmoja ambayo hulazimika kuhifadhiwa kila inapokatizwa, na kati ya pigano na pigano huingizwa vipande vya filamu vinavyoeleza kisa: nani alimsaliti nani, mungu gani alikasirika na kwa nini shujaa anatafuta kisasi. Mchezaji anayelipia dakika huviona vipande hivyo kama upotevu wa fedha, na wanaosubiri zamu humhimiza avipite. Hivyo kitufe cha kuruka hubonyezwa, nacho kisa hubaki nyuma.

Mfano ulio wazi ni God of War, mchezo uliotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya PlayStation 2 na ambao ni miongoni mwa michezo ya kifantasia iliyoweza kujipenyeza katika utawala wa kandanda. Mtu anaweza kuumaliza akiwa anajua kila mbinu ya minyororo ya Kratos, mpiganaji wa Sparta anayezikabili nguvu za miungu ya Wayunani, bila kujua kwamba weupe wa ngozi yake ni majivu ya mkewe na bintiye aliowaua kwa mikono yake mwenyewe baada ya kuhadaiwa na Ares, mungu wa vita. Nguvu za shujaa hufahamika na wote, ilhali uchungu unaozisukuma hujulikana na wachache waliopata nafasi ya kukaa bila kuhesabiwa muda. Mwaka 2010 waandishi Matthew Stover na Robert Vardeman walichapisha riwaya iliyotokana na mchezo huo, na thamani ya riwaya ya namna hiyo kwa msomaji wa Eastlands ni rahisi kuionyesha, kwa sababu inarudisha hasa ile sehemu ambayo saa ya kibanda iliinyakua.

Kitabu kinachoongeza na kitabu kinachopunguza

Historia ya utanzu huu katika nchi ulikoanzia inaonyesha kwamba mashabiki hawakatai vitabu kwa jumla, bali hutenganisha kwa uangalifu kati ya kitabu kinachoongeza na kitabu kinachopunguza. Nchini Marekani, mfululizo wa mwanzo ulioitwa Worlds of Power, ulioanza kuchapishwa mwaka 1990 na shirika la Scholastic, uligeuza michezo ya Nintendo kuwa hadithi fupi za watoto, na kwa kuwa michezo yenyewe wakati huo haikuwa na kisa kirefu, waandishi walikuwa huru kujaza pengo watakavyo. Uhuru huo ulipungua kadiri michezo ilivyozidi kuwa na masimulizi yake, hata mwandishi akajikuta anaingia katika nyumba yenye wenyewe.

Mwaka 1999 Philip Athans alichapisha riwaya ya Baldur's Gate, iliyotokana na mchezo uliotoka mwaka uliotangulia, na mashabiki wengi waliipokea kwa hasira ambayo bado inatajwa. Katika mchezo huo mchezaji huunda shujaa wake mwenyewe, akamchagulia jina, jinsia, asili na kazi, kisha akasafiri na wenzi anaowateua. Riwaya ililazimika kuchagua shujaa mmoja, mwanamume mwenye upanga aitwaye Abdel Adrian, na wenzi wengi wa safari waliopendwa na wachezaji waliachwa nje au wakabadilishwa tabia. Hapo udhaifu wa mtindo uliongezeka juu ya tatizo lililo zito zaidi, nalo ni kwamba mhusika aliyeachwa mtupu kwa makusudi ili kila mchezaji amjaze nafsi yake hawezi kuandikwa bila kumnyang'anya kila mmoja wao shujaa aliyemlea. Cha kushangaza ni kwamba mwaka 2013 machapisho ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao ndio mzazi wa Baldur's Gate, yalimtambua Abdel Adrian kuwa shujaa rasmi, na hivyo kitabu kilichokataliwa na wasomaji kikapata kibali cha wenye mali.

Mkasa wa Mass Effect: Deception, riwaya iliyotokana na mchezo wa Mass Effect, ulionyesha kiwango ambacho ushahidi wa mashabiki unaweza kufikia. Riwaya hiyo ya William C. Dietz, ambayo kwa kweli ni bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi ya anga na teknolojia badala ya uchawi, ilitoka mwanzoni mwa mwaka 2012, na muda si muda wasomaji wakakusanya orodha ndefu ya mahali ilipokwenda kinyume na historia rasmi ya ulimwengu wa mchezo, wakitaja umri wa wahusika, tabia zao na matukio ambayo wachezaji waliyafahamu vyema. Wachapishaji na watengenezaji wa mchezo waliomba radhi na kuahidi masahihisho katika matoleo ya baadaye. Katika fasihi ya kawaida msomaji anaweza kuchukia riwaya, lakini ni nadra amlazimishe mwenye riwaya kukiri kwamba hadithi yake mwenyewe si ya kweli.

Upande wa vitabu vinavyoongeza, mfano unaotajwa mara nyingi ni Arthas: Rise of the Lich King, riwaya ya Christie Golden ya mwaka 2009 kuhusu mwanamfalme ambaye wachezaji wa Warcraft walikuwa wamemfahamu tangu mwaka 2002 kama mtu aliyeuasi ufalme wake na kumuua baba yake. Golden hakuyabadilisha mambo makuu ambayo wachezaji waliyashuhudia. Alirudi nyuma hadi utotoni, akasimulia mapenzi ya kijana huyo kwa farasi wake aliyekufa katika theluji kwa sababu ya haraka na kiburi cha mwenyewe, na kwa njia hiyo akampa msomaji sababu ya kumhurumia mtu aliyekuwa amempiga vita kwa miaka. Kazi hiyo haiwezi kufanywa vizuri na mchezo, kwa kuwa mchezo hutaka mikono ishughulike, ilhali majuto ya mtu na siri za moyo wake huhitaji ukurasa usiomharakisha anayeusoma.

Sindano ya shaba

Wahakiki hulitazama suala hili chini ya dhana ya mwingilianomatini, yaani uhusiano ambao matini moja huwa nao na nyingine iliyoitangulia, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuielewa. Kisa cha Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya ambaye wanafunzi wa Eastlands hukutana naye katika masomo ya fasihi simulizi, kimesimuliwa kwa namna nyingi zinazotofautiana. Katika baadhi ya masimulizi aliyemsaliti ni mwanawe, katika mengine ni mpwa wake, na hata zama alizoishi hazikubaliwi na wote. Hata hivyo hakuna msimulizi anayethubutu kuiondoa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni, wala mkate uliofichwa tupa ya kukatia minyororo gerezani, kwa sababu hadhira ingemzomea papo hapo.

Hadhira ya Liongo na mashabiki wa michezo ya video wana kanuni moja. Wote huvumilia mabadiliko mengi, hata makubwa, mradi yale mambo machache ambayo ndiyo uti wa kisa yasiguswe, na ugumu wa mwandishi ni kutambua mambo hayo ni yapi. Kwa Kratos ni majivu na minyororo, kwa Arthas ni upanga uliolaaniwa na mauaji ya baba, na kwa shujaa wa Baldur's Gate, ambaye hakuwa na sura moja, jambo lisilofaa kuguswa lilikuwa ule uhuru wenyewe wa kumchagua. Mwandishi aliyeshindwa kuiona sindano hiyo hakusamehewa hata pale lugha yake ilipokuwa nzuri.

Wasimulizi waliotangulia

Si kweli kwamba Eastlands ilisubiri vitabu kutoka ng'ambo ndipo ijifunze kugeuza hadithi za skrini kuwa maneno. Mabanda ya video, ambayo yalitangulia vibanda vya michezo na mara nyingi hukaa navyo ukuta kwa ukuta, yalizalisha sanaa ya usimulizi wa filamu ambamo msimulizi huweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni, akaifasiri, akaifupisha, akaitania na kuipa majina ya nyumbani. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo, akisimulia filamu za mapigano za India, China na Marekani kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, kama vile Lufufu alivyopata sifa nchini Tanzania na kama wafanyavyo wenzao wa Uganda.

Sanaa hiyo inafundisha jambo ambalo riwaya za michezo zimelielewa kwa taabu. DJ Afro hafuati filamu neno kwa neno, na wanaomsikiliza hawamtaki afanye hivyo. Wanachodai ni kwamba steringi, yaani shujaa mkuu, abaki steringi, na kwamba pigano la mwisho liwe na uzito wake. Ndani ya mipaka hiyo amepewa ruhusa pana ya kuongeza mzaha, methali na habari za mtaani. Vivyo hivyo vijana wanaokaa kwenye benchi la kibanda wakisubiri zamu husimuliana mchezo: aliyewahi kuumaliza humweleza anayecheza kinachokuja, humkumbusha kisa kilichorukwa na pengine hukitia chumvi. Riwaya ya mchezo kwa Eastlands ilianza hapo, kwa mdomo, ikiwa na wahakiki wanaosikiliza na kusahihisha bila kungoja kitabu kimalizike.

Jarida la picha la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 likiwa na mhusika Boyie anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani mwake, lilithibitisha kwamba usimulizi huo unaweza kuchapishwa bila kupoteza ladha. Liliandikwa kwa Sheng, likasambazwa bila malipo ndani ya gazeti na kupitia mawakala wa mtaani, na likawaalika wasomaji kumwandikia Boyie kana kwamba ni jirani yao, mpango ambao uliliwezesha kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Halikutokana na mchezo wa video, lakini lilijenga aina ileile ya msomaji, yaani msomaji anayejiona ana hisa katika kisa.

Mchezo wenye kitabu ndani yake

Hatua kubwa zaidi kuelekea fantasia ya Kiafrika katika michezo ya video ilionekana tarehe 23 Aprili 2024, siku ulipotolewa mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, ulioongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Salim, ambaye alikuwa amejulikana na wachezaji kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017, aliubuni mchezo huo kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake, na aliuwekea sauti za Kiswahili ambazo mchezaji anaweza kuzichagua badala ya Kiingereza. Mwaka 2025 mchezo huo ulipata tuzo ya BAFTA katika kundi la michezo inayovuka mipaka ya burudani.

Muundo wake unahusu moja kwa moja mada ya makala haya. Kijana Zuberi, aliyefiwa na baba, anapewa kitabu ambacho marehemu alimwandikia, na mchezo wote ni kile anachokisoma humo: safari ya mganga kijana aitwaye Zau, anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, kwamba akimletea roho tatu kuu baba yake atarudishiwa uhai. Kwa maneno mengine, hapa si mchezo uliogeuzwa kuwa kitabu, bali ni mchezo unaojidai kuwa kitabu tangu mwanzo, na unaomwambia mchezaji kwamba hadithi iliyoandikwa ndiyo urithi ambao mzazi anaweza kumwachia mwana. Unakaribiana kwa namna ya pekee na riwaya rasmi ya God of War ya mwaka 2018, ambayo kisa chake ni cha baba na mwana wanaobeba majivu ya mama, na ambayo iliandikwa na J. M. Barlog, baba mzazi wa Cory Barlog aliyeuongoza mchezo wenyewe.

Shahidi wa Eastlands, hata hivyo, hataacha kuhoji. Roho anazopambana nazo Zau zimetoka pembe mbalimbali za bara: Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa masimulizi ya Wakhoikhoi, Kikiyaon ni wa magharibi. Anayeusikia mchezo ukizungumza Kiswahili anaweza kuuliza majini ya pwani, mazimwi ya hadithi za bibi na Liongo mwenyewe wamekwenda wapi, na swali hilo si lawama kwa Salim, ambaye alitaka kusimulia bara zima, bali ni nafasi iliyoachwa wazi kwa mtunzi atakayekuja.

Watunzi wenye uwezo wapo. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mmoja wa michezo ya kwanza ya Kenya yenye umbo la pande tatu, kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts, studio inayotoa michezo na vitabu vya picha vyenye mashujaa wa masimulizi ya Kiafrika. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, mchezo wa kuilinda Nairobi dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Katika riwaya ya Kiswahili, Katama Mkangi alikwisha kumrusha mhusika wake hadi sayari nyingine katika Walenisi ya mwaka 1995, na Kyallo Wamitila akampeleka wake katika safari ya kiajabu ndani ya Bina-Adamu! mwaka 2002. Kinachokosekana ni daraja kati ya kundi la kwanza na la pili.

Kitabu kitakachohukumiwa kwa haki

Daraja hilo lina vikwazo vya fedha kabla ya vile vya sanaa. Riwaya za michezo zinazopatikana zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza na huagizwa kutoka nje, na tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilipoweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu, bei yake imezidi kumlemea kijana anayehesabu mbao za kibanda. Njia zake za kuzipata ni wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovitandaza kando ya barabara za katikati ya jiji, nakala za simu zinazopitishwa kutoka mkono hadi mkono, na maktaba za umma za Buruburu, Makadara na Kaloleni. Hizi mbili za mwisho ni matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwafungia Waafrika milango hadi mwaka 1958, na zimefanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka 2017. Maktaba ndiyo mahali pekee katika mtaa ambapo kijana anaweza kukaa na hadithi bila kulipia dakika, na kwa hiyo ndiyo makao ya asili ya kitabu kinachorudisha kisa kilichorukwa.

Kwa upande wa sanaa, mtunzi wa riwaya ya Kiswahili itakayotokana na mchezo wa video ana mwongozo ulio wazi katika mapokezi yaliyokwisha kuonekana. Anapaswa kuchagua mchezo wenye shujaa aliyekwisha kupewa nafsi, ili asigombane na maelfu ya mashujaa waliobuniwa na wachezaji. Anapaswa kuitambua sindano ya shaba ya kisa na kuiacha ilipo. Anapaswa kuandika zaidi pale ambapo mchezo ulinyamaza au uliharakishwa, yaani utotoni, kwenye majuto na katika mazungumzo ya watu wasiopigana. Inafaa pia aigawe kazi yake katika sura fupi zinazoweza kusomwa kwa sauti mbele ya wengine, kwa kuwa hadhira yake imezoea kusikiliza pamoja na kukatiza.

Hukumu ya hadhira hiyo itakuwa kali, na baadhi ya wachapishaji huiogopa kwa kudhani kwamba ukali ni dalili ya kutopenda kusoma. Orodha ya makosa ya Mass Effect: Deception inaonyesha kinyume cha dhana hiyo, kwani hakuna aliyeweza kuikusanya bila kukisoma kitabu kizima kwa makini kuliko wasomavyo wahakiki wengi. Wachapishaji wa Nairobi ambao kwa miaka mingi wametegemea soko la vitabu vya shule, ambamo kitabu hununuliwa kwa sababu kimeteuliwa na kusomwa kwa sababu kuna mtihani, wana kundi la vijana lililo tayari kusoma kwa hiari, kubishana kuhusu ukurasa na kurudi kudai sehemu ya pili, mradi hadithi wanayopewa ni ile waliyoikatiza kibandani wakati dakika zao zilipokwisha.